Siku Mafaili Yalipobatizwa

Kasimiri Nandonde alikubali kila alichoulizwa isipokuwa mambo mawili. Hakukubali kwamba ameiba faili la serikali, na hakukubali kusema ndani ya lile gazeti mlikuwa na nini.

“Ijumaa saa tisa na nusu,” alisema Inspekta Adelard Mbunda, “umetoka masijala na kifurushi kwapani, kimeviringishwa gazeti. Mlinzi amekuona. Mfagizi amekuona. Hata mama wa vitumbua amekuona. Sasa ndugu yangu, Temeke nzima imekiona hicho kifurushi, nibaki mie tu nisiambiwe kina nini?”

“Si faili, afande.”

“Ni nini basi?”

“Si faili.”

Ndiyo hivyo tangu Jumatatu. Adelard alikuwa na miaka ishirini na miwili katika kazi hii, na wezi alikwisha kuwaona wa kila namna, wenye kulia, wenye kuapa, wenye kuugua tumbo ghafla. Mwizi mwenye haya hakuwahi kumwona. Na huyu Kasimiri alikuwa na haya bwana. Kila lilipotajwa gazeti aliangalia vidole vyake vya miguu.

Tatizo lilikuwa saa. Saa mbili asubuhi ilikwisha pita. Saa nane mchana karandinga lingekuja kuwazoa mahabusu kuwapeleka mahakamani, na karani aliyeshitakiwa kwa kuiba nyaraka za serikali hapewi dhamana kirahisi. Angelala gereza la Keko, na akishalala Keko kazi imekwenda, hata kama mwakani hakimu atasema hana hatia. Adelard alisimama kuondoka, ndipo alipoona jeraha bichi kwenye mkono wa kushoto wa Kasimiri, dogo, limekatika sawasawa kama la wembe.

“Umejikata na nini?”

Kasimiri aliuficha mkono chini ya meza.

Kisa chenyewe kilianza na waraka. Mwezi wa tano wa mwaka huo wa sabini na tano, ofisi ya viwanja iliamriwa ibadilishe majina ya mafaili yote ya nyumba, mia sita na arobaini, kwa mpigo mmoja. Zamani faili lilibeba jina la mwenye nyumba juu ya jalada. Sasa nchi ni ya Ujamaa, wakubwa wakataka nyumba ijulikane kwa shina lake la nyumba kumi. Nyumba ya saba katika shina la kumi na nne ni 14/7, basi, hakuna cha fulani bin fulani. Makarani wakaiita kazi hiyo ubatizo, hata walio Waislamu, wakacheka nayo, na kwa wiki mbili wakaimaliza. Wiki tatu baadaye akaja Bi Mwanabaraka binti Shomari kuomba kibali cha kuongeza chumba cha uani. Rejista ikasema faili lake ni 14/11. Wakaenda rafuni, halikuwapo. Aliyekuwa na ufunguo wa masijala ni Kasimiri peke yake. Kamba hukatikia pembamba, na pembamba hapo palikuwa ni yeye.

Ndugu Anselmo, mkuu wa ofisi, alimpokea Adelard mlangoni akiwa na suti yake ya Kaunda iliyopigwa pasi mpaka inakata.

“Afande, mie nilidhani kesi imekwisha. Kuna tajiri mmoja wa mjini anakitaka kiwanja cha yule bibi, kiko pembeni mwa barabara. Faili likipotea, bibi hana ushahidi. Kasimiri kanunuliwa. Unatafuta nini tena?”

“Natafuta faili,” alisema Adelard.

“Tumeshatafuta! Siku mbili nzima! Mafaili yote tumeyapitia, moja moja, kwa macho yetu.”

“Mmeyafungua?”

Anselmo alimtazama kana kwamba ameulizwa kama huwa anafungua barua za mke wa jirani. “Karani wa masijala hushika jalada, hafungui. Kufungua faili ni mpaka kibali nilichosaini mie. Ndiyo taratibu yetu.”

“Kwa hiyo mmesoma lebo.”

“Lebo ndiyo jina la faili, afande.”

Adelard aliomba aoneshwe masijala. Kilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja, rafu za mbao kila upande, na juu yake mafungu ya mafaili yaliyofungwa kwa kamba ya katani, kumi kumi, kila jalada na lebo yake nyeupe iliyobandikwa juu ya jina la zamani. Kazi safi, Adelard alikiri moyoni. Fungu la 14 alilihesabu mwenyewe. Mafaili yalikuwa kumi, la kwanza mpaka la kumi. La kumi na moja hakuna.

Alipita nyuma ya rafu ya mwisho, chini ya dirisha, akachuchumaa. Kwenye pembe ya ukuta, pale ufagio usipofika, palikuwa na maranda ya mti, membamba, meusi. Akayanusa. Mpingo.

Ala! Hapo kifurushi kikajifungua chenyewe. Kasimiri ni Mmakonde wa Newala, mkono umekatwa sawasawa, na saa ya chakula masijala ni chumba kisichoingiliwa na mtu. Alikuwa akichonga humu ndani.

“Ndugu Anselmo,” aliuliza kutoka nyuma ya rafu, “Kasimiri amewahi kupewa barua ya onyo?”

“Moja, mwaka jana. Nilimkuta anachonga vinyago hapa hapa, ndani ya ofisi ya serikali! Nikamwambia nikikukuta tena, huna kazi.”

“Aa,” alisema Adelard, akayazoa yale maranda na kuyatia mfukoni mwake. Hakuona sababu ya kumtwisha mtu kesi ya pili kabla ya kumtua ya kwanza. Lakini maranda yalieleza ile haya ya Kasimiri tu, hayakueleza faili. Mtu anaweza kuchonga na kuiba vilevile, na saa ya ukutani ilikuwa saa nne kasorobo.

Alirudi kaunta, akaliomba daftari la wateja.

“Tangu ubatizo, waliokuja kuomba mafaili yao ni wangapi?”

“Kumi na mmoja,” alisema Anselmo. “Saba wamepewa wakaondoka, na huyo bibi ndiye wa nane. Wengine watatu wasumbufu tu. Wanakuja hapa hawajui hata namba za nyumba zao, wanapewa faili, wanalifungua mlangoni na kulirudisha, wanasema si langu. Nimewaambia wakamuulize balozi wao wa nyumba kumi kwanza.”

“Wasumbufu hao wametoka mashina gani?”

Anselmo alifuatisha mistari kwa kidole. Mmoja aliomba 15/6, wa pili 17/4, wa tatu 20/1. Wale saba walioondoka wameridhika walitoka mashina ya 2, 9, 11, 26, 31, 40 na 58. Adelard aliyaandika yote kwenye kijitabu chake, wenye furaha upande mmoja, wasumbufu upande wa pili, akayaangalia kwa muda. Mdharau mwiba mguu huota tende, alijisemea, na huyu bwana amedharau miiba mitatu.

Kwenye benchi la wateja alikaa Bi Mwanabaraka mwenyewe, kajitanda kanga yake, mkoba mapajani. Ilikuwa siku yake ya tatu benchini hapo.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Wewe ndiye uliyemfunga yule kijana?”

“Mie nachunguza tu, bibi.”

“Basi chunguza umfungue. Mie ndiye niliyepotelewa na faili, sijamlaumu, nyie mnamlaumia nini? Aliniletea kiti siku ya kwanza. Mwizi anakuletea kiti?”

Adelard alicheka licha ya haraka aliyokuwa nayo. Akauliza jambo lililokuwa likimkereketa tangu asubuhi. “Bibi, shina ni nyumba kumi. Wewe umekuwaje wa kumi na moja?”

“Hee! Nyumba kumi, nyumba kumi, hilo ni jina tu mwanangu. Nilitakiwa nihamie shina la jirani, maana letu lilikuwa limejaa. Lakini marehemu mume wangu walimzika watu wa shina hili. Wao ndio waliochimba, wao ndio waliolala matangani siku tatu. Leo niende nikae kwa wengine kwa sababu ya hesabu? Balozi akasema bibi huendi popote, akaniandika chini, mwisho wa orodha. Yule wa shina la jirani hakunichukua, na mie sikuchukulika.”

“Kwa hiyo kwenye orodha ya balozi wenu kuna majina kumi na moja.”

“Kumi na moja, na wote wanakula mchele wa kopo moja.”

Adelard aligeuka. “Ndugu Anselmo, nani aliandika rejista, na nani aliandika lebo?”

“Rejista Kasimiri, kutoka orodha za mabalozi. Lebo Tunu.”

Tunu alikuwa mwanadada mwembamba wa Temeke hapo hapo, mwenye mdomo mwepesi, lakini mbele ya polisi mdomo ulikuwa mzito kidogo. Alisimama na kopo la gundi mkononi, hajui aliweke wapi.

“Dada Tunu, usiogope. Nieleze mlivyofanya, kama unamfundisha karani mgeni.”

“Kaka Kasimiri alishika orodha za mabalozi. Akisoma jina, anatafuta faili lake, analipanga sakafuni, shina baada ya shina, mpaka chumba kikajaa. Mie nikapita na gundi. Faili hili lebo hii, faili hili lebo hii. Lebo kumi zikiisha, nafunga kamba, naweka rafuni.”

“Majina ya zamani ulikuwa unayasoma kabla ya kuyafunika?”

“Niyasome ya nini, afande? Ile gundi ukizubaa imekauka kwenye brashi. Nikifika kwenye faili nabandika, naenda mbele.”

“Na lebo uliziandika saa ngapi? Palepale?”

“Wapi! Ningemaliza mwakani. Niliziandika nyumbani, Jumamosi na Jumapili, usiku na mchana mpaka kidole kikavimba. Waraka ulisema kila shina nyumba kumi. Nikaandika kumi kumi, mashina sitini na nne. Mia sita na arobaini, na hakuna iliyobaki wala iliyopungua.” Hapo sauti yake ilipanda. “Ndugu Anselmo mwenyewe alinisifu mbele ya watu.”

“Nilimsifu,” alikiri Anselmo.

“Kumi kumi,” alisema Adelard taratibu. “Dada Tunu, lebo ya 14/11 uliiandika?”

Kopo la gundi likatua juu ya kaunta.

“Mtume! Sikuiandika.”

“Hukuiandika. Siku mbili nzima mmekuwa mkitafuta lebo ambayo haijawahi kuwapo duniani.”

Anselmo hakuwa mtu wa kukubali mara moja. “Sawa, tuseme haikuandikwa. Basi faili la bibi lingebaki sakafuni bila lebo, na tungeliona. Halikubaki. Maana yake liliondolewa kabla ya kubandikwa. Kasimiri tena!”

Hoja ilikuwa na meno, na Adelard aliipenda. Ndiyo maana akamgeuzia nyingine. “Kabla ya ubatizo mliyahesabu mafaili?”

“Tuliyahesabu. Mia sita na arobaini. Nilisaini.”

“Na lebo mia sita na arobaini, zote zimeisha juu ya mafaili. Kama Kasimiri angeondoa hata moja, dada Tunu angebaki na lebo moja mkononi. Haikubaki. Ndugu Anselmo, faili limo humu ndani, limevaa shati la mwenzake.”

Bi Mwanabaraka kutoka benchini akasema, “Mie nilisema!”

Adelard akaweka kijitabu chake juu ya kaunta. Tangu shina la kwanza mpaka la kumi na moja hakuna aliyelalamika. Tangu la ishirini na sita kwenda mbele hakuna aliyelalamika. Wasumbufu wote watatu wako katikati, baada ya la kumi na nne. “Hawa watu hawakusahau namba zao. Dada Tunu alifika mwisho wa shina la kumi na nne, lebo kumi zikaisha, lakini sakafuni palikuwa bado na faili moja la shina hilo. Hakulijua. Akachukua lebo iliyofuata mkononi, akalibandika. Kila faili lililokuja nyuma yake likasukumwa nafasi moja. Ukiomba lako unapewa la jirani aliyekutangulia.”

“Na mafungu yako kumi kumi,” Tunu alisema, mkono mdomoni, “kwa hiyo macho yanaona sawa.”

“Macho yanaona sawa kabisa. Ndugu Anselmo, nipe 15/1. Na ulifungue.”

Hapo palitokea jambo ambalo Adelard angelisimulia hata baada ya kustaafu. Bwana mkubwa yule, uso umeshaanza kutoka jasho, alivuta kiti, akatoa karatasi ya kibali, akaijaza jina la faili, tarehe, sababu ya kufungua, akasaini, akagonga mhuri, akajikabidhi mwenyewe. Taratibu ni taratibu. Kisha akakata kamba ya fungu la 15, akachomoa faili la juu, akafungua.

Alisoma kwa sauti, na sauti ilimtoka ndogo. “Mwanabaraka binti Shomari. Kiwanja na nyumba ya udongo, vyumba vitatu.”

“Na choo cha nje,” alisema Bi Mwanabaraka.

Tunu alianza kulia na kucheka kwa pamoja. Adelard mwenyewe alihisi mgongo wake umelegea kama aliyetua gunia, maana ukweli ni kwamba hakuwa na uhakika mpaka jalada lilipofunguka. Angekosea, alikuwa hana pengine pa kutafuta. Alifurahi, akasema wazi mbele yao wote kwamba amefurahi.

Wakafungua 15/2, likawa la nyumba ya kwanza ya shina la kumi na tano. Wakafungua la 17, la 20, hali ileile. Wakaenda hivyo mpaka shina la ishirini na mbili, na hapo Anselmo akakumbuka bila kuulizwa kwamba nyumba moja ya shina hilo ilianguka masika yaliyopita, faili lake likafungwa, zikabaki tisa. Faili moja lililozidi kule likamezwa na pengo la huku, ndiyo maana hesabu ilitoka sawa na kila mtu akasifiwa.

“Mafaili themanini,” alisema Tunu akifuta macho. “Themanini yana majina ya watu wengine. Nitayabandua vipi yale magundi?”

“Hilo mtajua nyie,” alisema Adelard. “Saa ngapi?”

Ilikuwa saa saba na dakika kumi. Anselmo aliandika barua ya kufuta malalamiko kwa mkono wake. Mara mbili alisimama katikati ya sentensi kutafuta neno zuri la kujiokoa, na mara mbili Adelard aligonga meza kwa kidole. Alipofika kwenye mhuri, Bi Mwanabaraka alikuwa tayari amesimama nyuma yake.

“Andika na samahani,” alisema.

“Bibi, barua ya kiofisi haina samahani.”

“Basi hii iwe ya kwanza kuwa nayo.”

Akaiweka.

Land Rover ya polisi ililia njia nzima, na ilipoingia kituoni karandinga lilikuwa limeshaunguruma, mahabusu wamepangwa mstari. Kasimiri alikuwa wa tatu, amefungwa pingu na kijana mmoja wa Chang'ombe aliyeiba baiskeli. Adelard alimpa koplo ile barua. Koplo aliisoma yote, midomo ikicheza, mpaka kwenye samahani, akaisoma hiyo mara ya pili, kisha akatoa ufunguo.

Kasimiri aliusugua mkono wake. Hakuuliza ameachiwa na nani.

“Lilikuwa wapi, afande?”

“15/1.”

Karani alisimama akifikiri. Ungeona macho yake yakitembea juu ya rafu ambazo hazikuwapo. “Basi 15/2 nalo si la mwenyewe,” alisema. “Wala 15/3. Mpaka wapi?”

“Mpaka ishirini na mbili.”

“Ile nyumba iliyoanguka!” Kasimiri alijipiga paji la uso, akaketi chini pale pale penye vumbi, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na wale waliokuwa kwenye karandinga wakacheka naye bila kujua wanachochekea. Adelard aliinama akamwambia sikioni, “Kuchonga, uchonge nyumbani kwako. Maranda yako ninayo mie mfukoni, na mkuu wako hana habari.” Kasimiri akaacha kucheka, akamshika afande mkono kwa mikono yake miwili.

Nje ya lango alikaa mkewe, Rosalia, na sufuria ya ugali aliyoileta kila siku na kila siku ikarudi nusu. Alimwona mumewe akija kwa miguu yake, bila askari. Hakupiga kelele wala kigelegele. Alifunika sufuria vizuri, akasimama, akamkung'uta vumbi mgongoni, tena kwa nguvu, kana kwamba anampiga.

“Twende,” alisema. “Watoto wanakungoja.”

“Wamejua nilipo?”

“Wajue! Nimewaambia uko Dodoma. Serikali inahamia huko, wamekuita ukawapangie mafaili. Demetria amewatangazia shule nzima.”

“Dodoma!” Kasimiri alitazama mikono yake mitupu. “Na mtu akitoka Dodoma...”

“Ndiyo. Wanangoja zawadi.”

Adelard alikuwa ameshageuka kurudi ndani. Alisimama. Kwenye ukuta wa kituo mzee mmoja aliuza karanga katika vikaratasi, na karanga, kila mtu anajua, Dodoma zimejaa. Alinunua vikaratasi vinne, akarudi, akavitia mfuko wa shati la Kasimiri kimoja kimoja mpaka mfuko ukatuna.

“Haya, msafiri,” alisema. “Safari njema ya nyumbani.”

Kasimiri aliushika mfuko ule usimwagike, akamtazama mkewe, akatazama lango alilotoka.

“Mama Demetria,” alisema, “Dodoma sirudi tena.”